Nilichosema Mbele ya Kuku na Pombe

Jumatatu, 5 Julai 1999
Nimebeba ufunguo kama kawaida kutoka Izia hadi Mazwi. Haukuwa na kazi. Mlango wa studio ulikuwa umelala chini.

Taa zote mbili zimevunjwa. Kamera kubwa imepondwa kwa jiwe, na jiwe lenyewe wameliacha juu yake. Pazia langu lenye mchoro wa maporomoko ya Kalambo limechanwa toka juu hadi chini. Dawa za kusafishia picha zimemwagwa, chumba kizima kinanuka. Kioo cha dirishani hakipo. Picha ya harusi ya Yasinta, iliyokuwa dirishani, imetobolewa mahali pa bwana harusi tu.

Kwa hiyo ni Deo, mtoto wa Mzee Sikazwe. Yasinta alikuwa mchumba wake kabla ya kuolewa na mwingine. Mtaa mzima umejua kabla yangu.

Sina hasira. Sina kitu. Nimekaa kwenye ngazi, nimekula karanga.

Jumanne, 6 Julai
Polisi wameandika maelezo. Wakala wa bima naye kaja, kasema nisiguse chochote mpaka mthamini afike kutoka Mbeya. Akina mama wa jumuiya walikuja na mifagio, nikawarudisha. Mmoja kasema kwa sauti ya kusikika kwamba siku hizi nina maringo.

Bima nilikata mwenyewe. Nilipopunguzwa kazini, kiinua mgongo chote kiliingia kwenye ile studio. Anselmi, mume wangu, alitaka tununue ng'ombe. Alisema bima ni kulipia mvua ambayo haijanyesha. Leo hajasema neno. Afadhali angesema.

Ijumaa, 9 Julai
Mthamini kaja. Kijana, koti jepesi, anatetemeka kwa baridi yetu. Kapiga picha za studio ya picha. Kasema hasara iko wazi, nitalipwa. Nimempa chai.

Jumapili, 11 Julai
Baada ya misa wamekuja nyumbani. Mzee Sikazwe, wazee wawili wa ukoo wake, na Deo nyuma yao. Walimtoa kwa mjomba wake kijijini, alikokuwa amejificha. Wameleta kuku mweupe na mtungi wa pombe ya ulezi.

Kila mtu wa huku anajua maana yake. Ukikataa kuku, umekataa watu. Deo alipiga magoti. Ana umri wa miaka ishirini na kitu, pale chini alionekana mdogo. Nilimpiga picha ya Komunyo ya Kwanza huyu, nguo nyeupe, mshumaa umepinda.

Mzee akaniuliza mbele ya wote, "Mama Gaudensia, bado una neno na mtoto huyu?" Nikasema, "Imekwisha. Simdai kitu." Nikanywa. Anselmi akanywa. Kuku tukamla.

Maneno yalitoka yenyewe, kama ninavyojibu padri kanisani. Sikumsamehe wala sikukataa kumsamehe. Nilisema kinachosemwa.

Jumatatu, 12 Julai
Nimekwenda polisi kufuta kesi. Wamefurahi, faili moja limepungua.

Alhamisi, 22 Julai
Bima hawalipi.

Wakala kanieleza akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kuingia. Kumbe kampuni ikinilipa, inachukua nafasi yangu na kwenda kumdai aliyevunja. Mimi nimeshamwachia aliyevunja, tena mbele ya mashahidi. Nimewafungia mlango. Nikamuuliza ni nani aliwaambia habari za kuku. Kasema nilimwambia mwenyewe, sokoni, tukicheka.

Kweli nilimwambia.

Jumanne, 27 Julai
Kuna wakili, Dada Sara, anasikiliza watu bure kila Jumanne ukumbi wa parokia. Nimepanga foleni nyuma ya mtu wa mgogoro wa shamba na mwanamke aliyefukuzwa na wakwe.

Anasikiliza vizuri. Kasema kusamehe kifungo ni jambo moja, kusamehe gharama ni jambo jingine. Kama siku ya kuku nilisamehe kesi ya polisi tu, tunaweza kuwabana watu wa bima na watalipa. Halafu wao watamgeukia Deo. Deo hana kitu, ila ana maksai wanne wa kulimia aliogawiwa na baba yake, wameandikwa jina lake. Watachukuliwa. Nyumba ya Mzee inakula kwa maksai hao.

Akauliza nilisema maneno gani hasa. Nikageuka kutazama foleni. Akafunga kalamu. "Mama, nenda ukakumbuke vizuri. Mimi nitaandika utakachoniambia, na utaapa."

Ninakumbuka vizuri. Hilo ndilo tatizo.

Alhamisi, 29 Julai
Anselmi anasema yalikuwa maneno ya pombe. Anasema wazee hawatapinga, nani atasimama mahakamani kubishana na mwanamke aliyevunjiwa? Kisha kaenda shambani Pito kupukuchua mahindi na hajarudi kulala. Mwenye chumba kauliza kama naendelea na studio au ampangishe mwenye mashine ya kusaga.

Nimechoka. Sijafanya kazi yoyote lakini nimechoka.

Jumamosi, 31 Julai
Mzee Sikazwe kaja peke yake, asubuhi. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia kwanza, alikuwa anatafuta pa kuweka fimbo. Habari za wakili zimemfikia.

Kasema, "Mwanangu, sema hukusema. Wakiniita, nami nitasema hukusema."

Nikamuuliza kama anajua watachukua nini. Anajua. Kasema yeye ni mtu wa jembe la mkono tangu zamani, mgongo bado upo. Si kweli, mgongo haupo. Alivyoinuka nilimshika mkono.

Ningependa kuandika kwamba niliguswa. Niliona aibu tu, halafu nayo ikapita.

Jumanne, 3 Agosti
Nimemwambia Dada Sara maneno yote, kama yalivyotoka. Imekwisha. Simdai kitu. Alikuwa anaandika, akaacha katikati ya mstari. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika, na kwamba sikuyasema kwa moyo, kama hilo linasaidia. Kasema sheria haiulizi moyo.

Dai limekufa. Alinipa mkono kwa mikono yake yote miwili.

Sikufanya kwa wema. Nilishindwa tu kumwona yule mzee akiapa uongo kwa ajili yangu, basi. Anselmi nimemwambia jioni. Kasema, "Haya." Kahamishia kitanda chake chumba cha binti yetu Gaudensia.

Jumamosi, 14 Agosti
Nimerudisha ufunguo. Mashine ya kusaga inaingia wiki ijayo.

Jumapili, 22 Agosti
Mzee Sikazwe alitualika kula. Anselmi kakataa, nimekwenda peke yangu. Maksai walikuwa nyuma ya nyumba, wanatafuna mabua. Ugali wa ulezi, maharage, na samaki wa Rukwa.

Deo alileta maji ya kunawa. Ya moto, kwa sababu ya baridi. Akapiga goti, akanimiminia polepole, macho chini.

Hapo ndipo nilipojua kwamba namchukia. Ilikuja yote kwa mara moja. Tangu Julai sijasikia kitu moyoni kikakaa, na cha kwanza ni hicho, nyumbani kwao, wakati hakuna tena wa kumwambia. Nilishasema imekwisha.

Nikakung'uta mikono. Nikamshukuru. Nikala mpaka tukamaliza, nikarudi Izia kwa miguu.