Jicho la Mwisho Kwenye Turubai la Korosho

Baba yangu uliyelala Makote,

Shikamoo. Jana nimetua mzigo niliobeba tangu darasa la sita, na wa kwanza kuambiwa ni wewe.

Unaikumbuka siku ya mkaguzi? Nyumbani ulikuwa baba yangu, shuleni mwalimu wangu wa Kiingereza. Kuchagua kati ya "don't" na "doesn't" ulitufundisha kwa maturubai mawili ya kuchambulia korosho: huku mmoja, "doesn't"; huku wengi, "don't"; na "I" na "you" wale wakorofi wawili waliojipeleka kwa wengi. Tulicheka, tukashika. Halafu siku hiyo, mkaguzi kakaa nyuma na daftari lake, ukaandika ubaoni "Everybody don't". Kidomodomo changu hakikungoja. "Mwalimu, hapo ni doesn't." Mkaguzi akaandika kitu. Wewe ukafuta, ukasahihisha, ukaendelea.

Njia nzima ya kurudi nyumbani ulitangulia mbele bila kugeuka. Kwetu mtoto hamsahihishi mzazi mbele ya mgeni. Hilo nililijua hata kabla sijajua kusoma. Nilitamani unichape yaishe.

Jioni ukanikuta naokota korosho na wadogo zangu, ukaniita.

"Somoe, acha kuokota. Kuanzia leo kaa hapa, upitie ninazochambua mimi. Ukiona mbovu, itoe."

Mama akalalamika, "Baba Somoe, mtoto atavunjika mgongo huyo."

"Mwache," ukasema.

Msimu mzima, Baba! Wenzangu wakimaliza kuokota wanakwenda kucheza, mimi nimeinama juani, nageuza moja moja korosho ambazo wewe umeshazigeuza. Nikajua hii ndiyo adhabu yangu. Nikakununia kimoyomoyo mpaka nakwenda chuo cha ualimu, na siku tunakuzika nilikuwa bado sijakuomba radhi.

Jana darasani kwangu, hapa Masasi, nikaandika ubaoni "The news don't". Binti mmoja mpole, ambaye hata kuitika jina lake anaona haya, akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Hapo ni doesn't." Darasa zima wakanikodolea macho, wanangoja nimfokee. Mimi nimefurahi, Baba, nimefurahi kijinga mpaka masikio yanapata moto. Kabla sijawaza nikamwambia, "Kuanzia leo, kila nikimaliza kuandika, wewe upitie ubao wangu."

Nikabaki nimeshika chaki. Yalikuwa maneno yako.

Ndipo nikakubali jambo ambalo kila mkulima wa korosho kwetu Newala analijua. Gunia likikutwa na mbovu ghalani linarudishwa, na anayeaibika ni mwenye shamba. Mtu uliyemkasirikia humpi kazi ya kupitia mwisho. Unampa yule unayeliamini jicho lake kuliko lako. Nawe ulinipa jioni ileile, hata siku haikupita.

Nimecheka peke yangu njia nzima kutoka shule, mpaka dereva wa bodaboda akaniuliza kama nimepata uhamisho. Nimekuwa mjinga miaka mingi, lakini leo nina amani.

Jumamosi nakuja Makote. Mama macho yake yamechoka siku hizi. Atachambua yeye, nitapitia mimi. Safari hii mgongo ukiuma sitanuna.

Pumzika, Mwalimu. Yote uliyoniachia nimeyapitia moja moja. Sijaona mbovu.

Binti yako,
Somoe