Tulisusia Petroli, na Kemunto Anakuja

Kemunto anakuja nyumbani. Tiketi imekatwa, nimeiona kwa macho yangu kwenye simu.

Sasa ndio niwasalimu. Hamjambo nyote. Leo ni Jumanne, mvua imepiga hapa Keumbu tangu mchana, chai imebaki shambani bila kuchumwa, na mimi wala sijali.

Kwa wasionijua, Kemunto ni kifungua mimba wangu, muuguzi katika hospitali kubwa huko ng'ambo. Mimi niliishia darasa la nane, lakini tumbo hili lilitoa muuguzi. Acha nijisifu. Nikingoja majirani wanisifie nitazeeka bure.

Shida ilikuwa serikali ya huko. Ilitangaza kwamba mfanyakazi mgeni akitoka, hata kwa mazishi, kibali chake kimekufa, harudi tena. Mtoto wangu akakwama. Bibi yake tulimzika yeye akitazama kwa simu, na mtandao ukakatika kabla ya udongo.

Tangu siku ile nimeacha kupika chinsaga, mboga yetu chungu ya kienyeji. Ni yeye aliyeipenda, ikiwa imelala kwenye maziwa mpaka uchungu utoke. Nampikia nani?

Vijana wa bodaboda walinionea huruma. Hapa sokoni kuna kituo cha mafuta chenye nembo ya kampuni ya nchi hiyo, wakakubaliana kukisusia. Walisema ukimgusa mtu mfukoni, serikali yake itasikia.

Mimi sina pikipiki. Lakini nilisusia kuwashinda wote. Niliacha kununua mafuta ya taa pale. Nikaenda kwa mwenye mashine ya kusaga, nikamtaka aniapie kwamba dizeli yake haikutoka kituo kile. Akaniambia, "Mama Kemunto, mimi nasaga wimbi, sisagi serikali." Nikabeba wimbi wangu kichwani, nikapanda nao mlima mpaka kwa mashine nyingine. Shingo iliniuma wiki nzima, na kila aliyeniuliza nilimweleza sababu.

Juzi vibali vikafunguliwa. Bodaboda walikuja langoni kwangu wakipiga honi, kila mmoja akisema ni yeye aliyeishinda nchi ya watu.

Nikampigia Kemunto nimpe habari za ushindi wetu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, wauguzi walikuwa wanaacha kazi na wagonjwa wakalala kwenye korido. Serikali iliogopa watu wake. Keumbu hawaijui."

Iliniuma kidogo, nisiwadanganye.

Jana nikapita kituoni, maana sasa hakuna ugomvi. Mwenyewe ni mzee wa Nyamira, Mgusii kama sisi, jina la kampuni amelikodi tu. Akanieleza bila hasira kwamba petroli yetu hushuka Mombasa melini na kupita bomba moja, nembo zinatofautiana huku kwa vituo. Tulipomsusia, aliyeumia ni yeye, na msichana wa pampu aliyerudishwa kwao Itumbe kwa kukosa wateja. Nilimwambia pole. Akasema angekuwa na binti kule, pengine naye angejisusia mwenyewe.

Kwa hivyo, je, kususia mafuta kunaigusa serikali ya mbali? Labda nchi nyingi zikisusia pamoja, kampuni itaenda kulia kwa wakubwa wake. Sisi wa soko moja tulimgusa jirani. Nitawaambia vijana hivyo, hata wakininunia.

Lakini ningefanya nini? Mtu akimtamani mtoto wake, mikono hutafuta kazi.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia hata baba yake.

Kibali hicho kinachomleta ndicho kitakachomrudisha. Zamani nilijiambia kwamba akichoka na kufungiwa, ataacha kila kitu aje abaki. Sasa hana sababu ya kuacha. Atakuja, atakula, ataondoka tena akiwa na amani. Nilibeba wimbi mlimani nikiomba mlango ufunguliwe, na mlango ukifunguliwa unapitisha watu pande zote mbili.

Sitalia mbele yake. Nimejiapia.

Asubuhi nitachuma chinsaga nianze kuilaza. Anafika Ijumaa kabla jua halijazama, Jumamosi ni Sabato yetu, tutakuwa kanisani, na siku hiyo siwashi moto. Basi njooni nyote, bodaboda, mwenye mashine, mzee wa kituo pamoja na yule msichana wake wa Itumbe. Njooni Jumapili.