Mwandiko Ule wa Mutua

Kitengela,
Jumapili mchana

Kwako Mwaitu, mama yangu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, goti limetulia, na mvua imekumbuka njia ya Makueni. Sisi huku tu wazima. Vumbi la Kitengela linaingia hata kwenye sukari, na maji bado tunanunua kwa mitungi, lakini hatujaugua wala hatujalala njaa.

Uliniuliza kwa simu kwa nini tangu Baba azikwe simpigii kaka yangu Mutua, wala simtaji. Nilikujibu kwamba mtandao ni mbaya. Haukuwa mbaya. Nimeona heri nikueleze kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu huwa naharakisha kusema nisilo na hakika nalo.

Nianzie kazini. Unajua kwamba katika maktaba yetu ya Kajiado kazi yangu ni kupanga barua za kale: kusoma kila moja, kuandika ni ya nani na inahusu nini, kisha kuihifadhi. Tuliletewa sanduku la marehemu Mwalimu Barasa, mtu wa magharibi mwa nchi aliyefundisha huku miaka mingi. Ndani yake mlikuwa na barua za kikazi, nyingi za kuomba madawati, na nyingine za kibinafsi zilizoanza "Mwanangu," zikieleza ukame na habari za ng'ombe mwekundu aliyemkataa ndama wake. Mwandiko ulikuwa mmoja. Nikaandika katika orodha kwamba Mwalimu alikuwa pia mfugaji hodari, na nikaridhika na nafsi yangu.

Mwanawe alipokuja kukagua orodha, alicheka hadi akavua miwani.

"Mzee? Ng'ombe? Madam, baba yangu alikuwa anaogopa hata mbuzi!"

Akanieleza kwamba kila Jumamosi akina mama wasiojua kuandika walifika kwao, na Mwalimu akawaandikia barua. Kwanza aliandika rasimu, akaisoma kwa sauti, wakamsahihisha, ndipo akaandika nakala safi ya kutumwa. Rasimu ndizo zilizobaki sandukuni. Ile ya ng'ombe mwekundu aliitambua mara moja: ni ya Koko Naserian, nyanya anayeishi nyuma ya soko.

Nilimpelekea, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia kanisani.

"Wewe msichana, na hayo masomo yako yote, ulifikiri kalamu ndiyo inaongea? Mimi nilisema, mwalimu akaandika. Akiongeza maneno yake nilikuwa namwambia, 'Futa hiyo, mtoto wangu hanijui hivyo.'"

Nilirekebisha orodha. Jina la Koko likatangulia kama mwenye barua, la Mwalimu likafuata kama mwandishi wake. Mwana wa Mwalimu hakufurahi sana. "Kwa hivyo mzee amebaki na madawati tu?" aliniuliza. Labda mtu anayekubali kufuta neno lake akiambiwa amefanya kazi kubwa kuliko ya kutunga. Labda najifariji tu.

Sasa, Mwaitu, hapa ndipo penye jambo letu. Barua ulizonitumia nikiwa chuoni, Mutua akikushikia kalamu, ninazo zote katika bahasha moja. Juu yake niliandika "Barua za Mutua," kwa kuwa mwandiko ni wake. Ya mwisho ndiyo ile aliyoileta dereva wa basi, enzi zile sina simu: "Baba ametuacha. Usije. Fanya mtihani wako kwanza, sisi tutamzika." Nilitii, nikafanya mtihani, na sikumsamehe Mutua. Nilijiambia kwamba mama yangu hawezi kutamka neno kavu namna ile. Kwamba ni yeye, kifungua mimba, aliyeamua nani asimame kaburini na nani asisimame.

Miaka yote hii sikuwahi kujiuliza swali aliloniuliza Koko bila hata kuinuka kwenye kigoda chake. Jana niliitoa tena barua ile nikaitazama kama ninavyotazama za watu wengine. Neno "Usije" limeandikwa, likakatwa, kisha likaandikwa upya. Huenda Mutua alilikataa, nawe ukamwambia alirudishe. Huenda ulilikataa wewe, naye akalirejesha. Karatasi haisemi, nami nimechoka kuisemea.

Nisalimie Shangazi Kalekye, umwambie mbegu za mbaazi alizonipa zimeota kwenye ndoo mlangoni. Nisalimie mke wa Mutua, na wale watoto wao ambao nawajua kwa picha tu.

Najua ni Mutua anayekusomea, kwa hiyo yaliyobaki namwambia yeye. Kaka, usiruke kitu. Muulize Mama neno lile lilikuwa la nani, na jibu lake uliandike kama atakavyolitamka, hata likikuuma, hata likiniuma mimi. Jina lililokuwa juu ya bahasha nimelifuta, jingine sijaandika.

Salamu zako, wewe unayesoma, ni hizi. Zisome kwa sauti, Mama asikie.

Ni mimi binti yako, Mwaitu, na dada yako, Mutua,
Ndinda