Picha ya Mitchell Kwa Kompyuta

Zahra,

"Mama Zahra, kwani lazima kompyuta yangu ikae na picha ya mawingu kwa kioo? Haiwezi kukaa na Mitchell wangu?" Unakumbuka jirani yetu alivyouliza, baada ya kumzika huyo msichana wake? Ukamwekea picha, akacheka huku analia.

Githeri iko jikoni, pasha tu. Kaka yako Sele asimalize.

Leo asubuhi Mama Mitchell amekuja mbio. Amewasha kompyuta, mtoto hayuko, ni rangi tupu. Nikamwambia, "Tulia dada, disketi iko kwetu." Sele akaiweka kwa mashine yako. Barua za kiwanda chenu tu! Sele anasema picha ilikuwa inasomwa kutoka kwa disketi, hukuiingiza ndani ya kompyuta yake. Halafu jana ukaichukua kwake, ukaifuta uandikie kazi. Na ile ya karatasi ililoa mvua wakihama Mwiki, unajua.

Anua nguo kabla ya magharibi.

~~Ukifika nenda umwombe msamaha.~~ Usiende bado. Nimeenda Thika kwa yule wa studio aliyeweka picha kwa disketi. Sele anasema hao hufuta picha za wateja. Naenda tu, Mungu anaona.

Sikugombezi. Lakini hukumwona Mama Mitchell. Alichukua kile kitambaa chako cha kufuma, akafunika kompyuta yetu, akanyoosha pembe zote, akatoka.

Mama yako