Sikioni ni Wapi?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali badilisha majina, mimi ni mwalimu wa Kiingereza huku Chilangala, Newala, na Jumatatu jirani yangu Mama Ashiru aliniletea chupa ya dawa aliyotumiwa na shemeji yake, maandishi yote ya Kiingereza, akasema, "Mwalimu, nisomee, sikio la Ashiru limetoka vipele," nikaona "on the ear", nikamwambia, "Matone matatu sikioni, asubuhi na jioni," naye akaenda kumtilia mtoto ndani kabisa, na jana nikamkuta Ashiru analia, ana miaka minne tu, kichwa kakilaza begani, mama yake ananiambia kwa furaha, "Dawa kali hii, mwalimu, inachoma uchafu," nikamuuliza mwalimu mwenzangu Bonifasi kama mzaha, akacheka, "On ni juu ya kitu, in ni ndani, hujui?" na kweli mshauri sikujua, miaka sita nawafundisha watoto kwamba in, on na at zote ni "-ni" tu, mezani, sandukuni, mlangoni, sasa nikisema nitafukuzwa kazi, nisiposema mtoto atakuwa kiziwi, nifanyeje?

Mwalimu Mabel

Mabel, barua yako ya WhatsApp sikuingoja ichapwe. Nilikupigia palepale, nikakwambia uende kwa Mama Ashiru. Ukajibu, "Naogopa." Nikakuuliza, "Na Ashiru je?"

Ulikwenda, na kwa hilo nakupongeza. Umenieleza alivyombeba mwanawe, mkapanda bodaboda hadi hospitali. Ngoma ya sikio haijatoboka, ila ndani pamevimba, na daktari hajui kama Ashiru atasikia vizuri tena. Pole, wewe na mama yake.

Kutojua si kosa kubwa. Kosa ni kunyamaza ukijua, huku jioni inafika na matone mengine matatu yanaingia. Hapo ulimwogopa mwalimu mkuu kuliko ulivyomwonea huruma mtoto.

Sasa sikiliza. Mwambie mwalimu mkuu kwa kinywa chako, kabla hajasikia dukani. Kisha ingia darasani na boksi la chaki: chaki iliyomo ndani ni in, iliyo juu ya kifuniko ni on, na wewe uliyesimama hapo mlangoni uko at. Waambie wanafunzi kwamba uliwafundisha vibaya.

Alhamisi Ashiru anarudi kupimwa. Nenda naye. Daktari akiuliza nani aliisoma ile chupa, usimwache mama yake ajibu.