Blanketi la Bibi Lenye Dirisha

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia na ng'ombe ameacha kupiga teke ndoo. Sisi huku ni wazima, joto tu ndilo halitusahau. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu yako huiweka sauti ya juu na Bibi hukaa karibu. Soma peke yako huko nyuma kwenye migomba, kisha ifiche barua kwenye kopo la sukari. Hapana, Bibi anapenda sukari. Ifiche popote ila huko.

Kwanza nikwambie, Mama, nimeolewa na mtu hasa. Miezi minne sasa, na Festo akirudi kutoka kwenye meza yake ya mapazia na mablanketi ya mtumba bado hunipigia mluzi akiwa ngazini, na mimi bado nadondosha nilichoshika. Tumebaki na vikombe viwili.

Sasa habari yenyewe. Unakumbuka siku ya mahari Bibi alivyolishika blanketi aliloletewa na Festo, akalisugua kwa vidole viwili, akaliinua kwenye mwanga: "Hili ni blanketi au leso? Nauona mlima kupitia hapa." Festo wa watu, kwao Masasi blanketi hutolewa kabatini mgeni akija, kisha hurudishwa. Angejuaje baridi ya Marangu? Bibi akaruhusu harusi, ila akasema mpaka blanketi la kweli lifike, huyo kijana ataitwa mgeni. Na kila akipiga simu anauliza, "Mgeni hajambo?" Festo hucheka. Lakini mimi ndiye nalala ubavuni mwake, najua halimchekeshi.

Basi mwezi uliopita alifungua belo la mtumba, katikati ya mapazia akakuta blanketi ambalo sijawahi kuona mfano wake. Limefumwa kwa mkono huko Meksiko, lebo ndogo imeshonwa pembeni. Mistari myekundu, myeusi, na kijani cha jani changa la mgomba. Zito kama mtoto aliyelala. Akaniletea, akasema, "Nitunzie hili, mke wangu," halafu akasafiri kwenda Masasi siku tano kumpeleka mama yake kliniki.

Mimi nikajua ni zawadi yangu. Usiku wa kwanza nikajifunika kwa sababu ya upweke. Nikaamka nimelowa kama nimetoka kubatizwa. Nikalitandika kwenye kochi. Jirani yetu Mama Zuhura akakaa, akainuka. "Bi harusi, kochi lako linang'ata." Nikalikunja nikapigia pasi mashati ya Festo juu yake, yakatoka na mistari. Mwisho nikalitundika liwe pazia kati ya kitanda na sebule, na hapo ndipo likakaa kama limezaliwa pale. Mama Zuhura akaja tena, akasimama mbele yake, akainama kidogo.

"Pazia lako lina dirisha, mwanangu. Naona mto wako na khanga uliyoivua."

Kweli, katikati palikuwa na mpasuko wa kama shubiri mbili. Mama, aibu niliyopata. Nikatafuta nyuzi za rangi zilezile, nikakaa siku nzima nikishona ule mshono wa kupishanisha uzi kwa uzi ambao mwalimu wa sayansikimu alinipigia makofi mbele ya darasa. Nilipomaliza, hata mimi sikuuona mpasuko ulipokuwa.

Festo akarudi. Baada ya salamu ambazo sitaziandika, akaliona blanketi, akaanza kulipapasa katikati kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Dirisha liko wapi?"

"Nimelishona, mume wangu. Vizuri, eh?"

Akakaa kitandani. Kumbe wafumaji wa huko huuacha ule mpasuko makusudi ili mtu apitishe kichwa. Mchana ni vazi, usiku ni blanketi, wageni wakija ni zulia. Kumbe ni la Bibi, na mimi alitaka kunishangaza. Na kumbe alishampigia Bibi kutoka Masasi, akamwambia kwamba yeye Bibi atakata majani ya ng'ombe alfajiri amejifunika na mikono yote miwili iko huru. Bibi naye akawatangazia akina mama wote wa kanisani, na alikuwa anasubiri picha ya Festo amelivaa.

Nikaanza kulia. Simu ikaita palepale. Alikuwa Bibi. "Mgeni, picha iko wapi?"

Nikanyoosha mkono nichukue simu nikiri. Festo akageukia ukutani. "Shikamoo Bibi. Kosa ni langu. Nilidhani limechanika, nikalishona."

Nikasikia jogoo wenu kwenye simu.

"Umeshona wewe? Kwa sindano?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nionyeshe."

Akatuma picha. Nadhani Bibi aliazima miwani yako. Halafu akasema taratibu, "Mshono kama huu sijauona tangu mama yangu afariki. Kumbe una mikono, mkwe wangu."

Mkwe wangu, Mama. Festo alirudia neno lile siku nzima, hata kwa wateja.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mdogo wangu Neema ameniambia Bibi amejaza gunia zima: mashuka, sweta la Babu, na majoho ya kwaya, ili Krismasi mkwe wake akae barazani ashone watu wamwone. Mama, huyu mwanaume hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano. Nilitaka kumwambia Bibi ukweli. Akanishika mkono. "Niache kwanza nionje kuwa mkwe."

Mshono wa ule mpasuko nimeufumua, nimetumia siku mbili na machozi kidogo. Dirisha limeongezeka upana, vichwa viwili vinaingia. Tumejaribu.

Sasa kila jioni namfundisha. Jana kwa mara ya kwanza alishona mstari ulionyooka, kwenye shuka letu la kitanda, akiwa ameliweka mapajani. Akainuka kwa fahari kumwonyesha Mama Zuhura mlangoni, na shuka likainuka naye. Alikuwa amelishona pamoja na suruali yake. Mama Zuhura akavuta, akavuta tena. "Lakini imeshika," akasema. Festo amefurahi mno.

Kwa hiyo nakuomba, Mama: lile gunia lipunguze kila siku kidogo, Bibi akiwa kwenye majani. Majoho ya kwaya yaanze kuondoka.

Msalimie Baba, na mdogo wangu Neema mchunga siri asiyechunga. Babu mwambie sweta lake alivae hivyohivyo, tundu halijamuua mtu. Na Bibi mpe salamu kutoka kwa mkwe wake. Hiyo sehemu unaweza kuisoma kwa sauti.

Mwanao akupendaye,
Upendo, mke wa fundi