Filamu Mbili za Kifua cha Baba

Pacha wangu Doto,

Barua pepe yako nimeisoma hapa ofisini, na karani amenichapia. Kurasa tatu! Mbili na nusu za mashine, nusu ya kumsalimia baba.

Unasema huko mgonjwa halazimiki tena kubana pumzi. Anajilalia ndani ya MRI anahema anavyotaka, na mashine inampiga picha mfululizo. Kwa kuwa kifua kinapanda na kushuka, kila picha pafu limehama kidogo, kwa hiyo kazi yako ni kuifundisha kompyuta izisogeze na kuzivuta picha zote mpaka zilaliane sawasawa. Hapo ndipo mnaona hewa inafika wapi na wapi haifiki. Halafu mwishoni: "Kulwa, nitumie zile filamu mbili za baba. Nataka kumwonyesha profesa nilikoanzia."

Ulikoanzia! Haya, mama.

Ngoja nikukumbushe ulikoanzia. Ni hapa hapa Bariadi, kwenye chumba cha eksirei tulichofanyia kazi wote wawili, ambacho mimi bado nakifungua kila asubuhi. Baba alikuwa amehamia jineri mpya ya kuchambulia pamba, ya yule mfanyabiashara aliyekuja wakati watu binafsi walipoanza kununua pamba na ushirika ukabaki na maghala matupu. Alikuwa anakohoa vumbi la pamba mpaka macho yanamtoka. Ukampiga filamu ya kwanza akiwa amejaza hewa, ya pili akiwa ameitoa yote. Nilikuwa nimesimama mbele yake namwonyesha kwa kifua changu, vuta, bana, toa, maana mashine yetu ilikuwa inachukua muda kupiga na mtu akihema tu picha inatoka ukungu mtupu.

Tukazibandika dirishani, moja juu ya nyingine, tuone ni sehemu gani ya pafu haibadiliki. Wewe ukalinganisha mbavu na mbavu. Ikawa vurugu tupu, ukasema mashine mbovu. Nani alikuambia kwamba mbavu nazo zinapanda mtu akivuta pumzi? Nani alizibandua akazilinganisha kwenye uti wa mgongo, kwa sababu wenyewe haukwenda popote? Mimi, Doto. Kwa mikono hii hii. Ndipo tukaiona ile pembe ya chini kulia imebaki vilevile, hewa imeingia na haitoki.

Yule daktari mgeni akaingia, akatazama dirisha, akauliza nani kafanya kazi hii. Sijafungua hata mdomo, baba akadakia, shati bado mkononi: "Huyu Doto. Ndiye mwenye kichwa hapa."

Ukanitazama. Kisha ukatazama chini.

Tangu tuzaliwe, aliyemletea Doto kitenge alimletea na Kulwa, maana mapacha hawabaguliwi. Shangazi wa Mwamapalala alipokuja na kuku mmoja, mama alimrudisha akalete wa pili, na jua lile! Lakini daktari yule alipoleta nafasi moja tu ya masomo, ukapewa wewe, hakuna aliyemrudisha akalete ya pili.

Nina wivu nawe. Nasema wazi. Nina wivu na koti lako jeupe, na kompyuta yako, na huyo profesa anayekuuliza maoni. Lakini hivyo vyote ningevimeza. Kinachonikaba ni baba.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonikalisha hapa. Kwenye simu nilikuambia baba hajambo, anakula, anatembea mpaka mnadani. Niliongopa. Kutoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara mbili. Analala ameketi, ameegemea mito. Nilijua ukisikia utapanda ndege siku hiyo hiyo, na ukiingia tu atasahau nani alikuwa anafua shuka zake. Nilitaka mara moja tu maishani niwe mimi. Nimpe uji mimi, nimkande mgongo mimi, aseme, "Asante, Kulwa."

Unajua ananiitaje? Doto.

Juzi asubuhi nilimwinamia kumwamkia, "Mwangaluka, baba." Akanishika mkono. "Doto, umekuja?" Nikamwambia, mimi ni Kulwa, baba. Akasema, "Oo," akauachia mkono, akageuza macho mlangoni. Nilitoka nikaenda kulia jikoni, na uji ukaungua.

Jana akauliza tena. "Doto?" Akahema. "Ni wewe?"

Nikasema, "Ndiyo baba, ni mimi. Nimekuja."

Laiti ungemwona alivyotabasamu. Akaniuliza kama huko ni baridi, nikasema ni baridi sana. Akaniuliza kama umezoea chakula, nikasema nimezoea. Kisha akasema, taratibu, kwa pumzi ile ya kuokoteza, "Mwambie dada yako asijisumbue. Anachoka sana na mimi."

Doto, ameniona. Miaka yote hii nachoka, alikuwa ananiona, na maneno hayo amekupa wewe uniletee.

Filamu sizitumi. Kifua chenyewe kipo hapa, lakini si kwa muda mrefu, nami nimepiga vifua vingi mno kujidanganya. Panda ndege. Nitakupisha kiti kilicho karibu naye, na nitanuna, usinibembeleze. Ila ukishakaa, usisahau kunifikishia salamu zangu, zile baba alizokupa.

Pacha wako aliyetangulia kutoka,
Kulwa